kitty, foot, Konsole, PuTTY au Termux: uchague terminali ipi?

Mabishano ya terminali, yaani programu za kuiandikia kompyuta amri kwa maandishi, huanza na kasi, yakaishia kwenye rangi. Mmoja anakuonyesha Alacritty ikimwaga faili lenye mamilioni ya mistari kufumba na kufumbua, mwingine anajibu kwa picha ya kitty iliyopambwa kwa mandhari ya mlima nyuma ya maandishi, na aliyekuja kuomba ushauri anaondoka na programu nne mpya asizojua azifanyie nini. Kasi ya kumwaga faili haimsaidii mtu. Hakuna anayesoma mistari milioni ikipita mbele ya macho.

Kinachomtofautisha mtumiaji mmoja na mwingine ni mahali amri zake zinakotekelezwa. Je, ni kwenye mashine iliyo mezani kwake, au kwenye seva ya mbali anayoifikia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, tena kwa intaneti ya kusuasua? Mimi ni wa kundi la pili. Kutwa niko ndani ya seva za watu, natumia laptopu ya mtumba, na umeme ukikatika nahamia kwenye simu. Mapendeleo yangu yanatoka huko. Anayeandika programu na kuziendesha papo hapo kwenye mashine yake ana haki ya kunipinga karibu kila ninapofika.

Kabla ya yote, kadi ya michoro

kitty, Alacritty, WezTerm na Ghostty zote huchora maandishi kwa kutumia kadi ya michoro kupitia OpenGL, njia ambayo programu huitumia kuiagiza kadi hiyo, au teknolojia za jamii hiyo. Kwa laptopu mpya hilo si jambo la kujadili. Kwa laptopu iliyostaafishwa ofisini Ulaya kisha ikaja kuuzwa kwetu, linaweza kumaliza mjadala kabla haujaanza.

Chukua ThinkPad X201 ya mwaka 2010. Kadi yake ya Intel, ukiwa kwenye Linux, inaishia OpenGL 2.1, wakati kitty inataka 3.1. Haiwaki. X220 ya mwaka uliofuata inaimudu kitty bila shida. Ukija kwenye X230 na T430 za 2012, ambazo bado zimejaa sokoni na ni mashine nzuri, kitty inakwenda vizuri, ila Ghostty ya matoleo ya karibuni inadai OpenGL 4.3 na kadi hizo zinakomea 4.2. Umekosa kwa namba moja baada ya nukta. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote na kumaliza bando, andika hivi:

```
glxinfo -B | grep "core profile version"
```

Kwenye Debian na Ubuntu amri hiyo inakuja na kifurushi cha mesa-utils. Kama kadi ni ya zamani kiasi kwamba unajibiwa 0.0, au hakuna mstari unaotokea kabisa, jibu umeshalipata.

Alacritty ni mpole zaidi kwa vifaa vikuukuu, maana inakubali hata OpenGL ES 2.0. foot yenyewe haina habari na kadi ya michoro. Inachora kwa prosesa, na inagusa tu zile sehemu za skrini zilizobadilika, ndiyo maana inakwenda vyema kwenye mashine ambazo wengine wameshazikatia tamaa. Sharti lake ni moja na halina mjadala: Wayland tu, ule mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye Linux. Ukiwa bado kwenye X11, mfumo wa zamani, labda kwa sababu unapanga madirisha kwa i3, isahau foot, chukua xfce4-terminal au xterm.

Na xterm isidharauliwe. Ilianza mwaka 1984, kabla hata ya X11 yenyewe kuzaliwa, na tangu 1996 inatunzwa na Thomas Dickey, ambaye hadi leo anaitolea matoleo mapya. Watu wanaikimbia kwa sababu ya sura inayokuja nayo, herufi ndogo kama chawa juu ya weupe mkali. Mistari miwili kwenye `~/.Xresources` inaondoa karaha hiyo:

```
XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm*faceSize: 11
```

kitty na foot, ana kwa ana

Hizi mbili nazilinganisha kwa urefu kwa sababu zinawakilisha fikra mbili tofauti kabisa, na nimezikaa zote.

kitty ni kazi ya Kovid Goyal, yule yule aliyetengeneza Calibre, programu ya kupangia vitabu vya kidijitali. Fikra yake ni kwamba terminali ifanye kila kitu yenyewe. Ina vichupo. Inagawa dirisha kwa mitindo kadhaa. Inaunganisha alama kama `!=` kuwa umbo moja ukitumia fonti zenye uwezo huo. Inaonyesha picha halisi ndani ya dirisha la maandishi: andika `kitten icat ramani.png` na ramani inatokea pale pale chini ya amri. Anayechora grafu za takwimu kwa Python akishaonja hilo, kurudi nyuma ni vigumu.

foot, iliyoandikwa na Daniel Eklöf, haina vichupo, haigawi dirisha, wala haiunganishi alama. Picha inaziweza kwa njia ya zamani ya sixel. Mipangilio yake ni faili moja la `foot.ini` ambalo kwangu halijazaa kurasa. Kuna jambo moja imelifanya kwa akili sana: unaweza kuiwasha mara moja kama huduma kwa `foot --server`, kisha kila dirisha unalofungua kwa `footclient` linatokea mara moja na kutumia memori ile ile. Ubaya wake ni kwamba huduma hiyo ikianguka, madirisha yote yanaanguka nayo, na dirisha moja likielemewa na kazi mengine yanaweza kukwama kidogo.

Ukiishia kwenye mashine yako mwenyewe, kitty inashinda na sina ubishi. Sasa ingia kwenye seva ya zamani ukitokea kitty:

```
$ ssh seva
$ htop
Error opening terminal: xterm-kitty.
```

Kila terminali hujitambulisha kwa jina linalowekwa kwenye `TERM`, na SSH hulibeba jina hilo hadi upande wa pili. Seva hulitafuta kwenye hazina yake ya terminfo ili ijue jinsi ya kufuta skrini, kusogeza kishale, kupaka rangi. Jina lisipokuwepo, htop, programu ya kutazama kazi za mashine, inagoma, `clear` inagoma, na wakati mwingine kitufe cha kufutia kinaongeza nafasi badala ya kufuta herufi. Seva haijaharibika, ila mgeni hajulikani.

Dawa ipo. Kwa kitty, ingia kwa `kitten ssh seva`, na yenyewe itapeleka maelezo yake kule. Au upeleke kwa mkono:

```
infocmp -x xterm-kitty | ssh seva -- tic -x -
```

Kwa seva yako mwenyewe unafanya hivyo mara moja, basi. Kwa seva za wateja kumi na mbili, ambazo nyingine huruhusiwi kuweka hata faili moja, ni usumbufu. Ghostty ina tabia hiyo hiyo kwa jina lake la `xterm-ghostty`. foot na Alacritty nazo zina majina yao, ila yameingizwa kwenye hazina za mifumo ya karibuni, kwa hiyo tatizo linakukuta zaidi kwenye mashine kuukuu za aina ya CentOS 7, ambayo muda wake uliisha Juni 2024 lakini bado unaikuta ikihudumia watu. WezTerm, Konsole na GNOME Terminal zimechagua unyenyekevu: zinajiita `xterm-256color`, jina ambalo karibu kila seva inalijua, na hazikusumbui kamwe kwa hili. Nami kwenye `foot.ini` nimeandika `term=xterm-256color`. Watengenezaji hawalipendi hilo, na kuna vitu vidogo unavikosa. Sijawahi kuvikumbuka.

Halafu kuna mtandao wenyewe. Anayefanya kazi kwa bando la simu anajua SSH inavyoganda: unaandika herufi, hazitokei, baada ya muda unaambiwa muunganisho umevunjika, na kazi iliyokuwa ikiendelea imekufa nayo. Wengi tunajikinga kwa vitu viwili. Cha kwanza ni tmux, inayobaki hai kule kwenye seva hata laini ikikatika, ili urejeshaji wa hifadhidata uendelee bila wewe. Cha pili ni mosh, iliyotoka MIT mwaka 2012, inayotumia UDP kwenye milango ya 60000 hadi 61000 na isiyojali ukihama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu. Ukiandika, inakisia herufi itakayorudi na kukuonyesha kabla seva haijajibu, ikiwa imepigiwa mstari chini mpaka ithibitishwe.

Hapa ndipo uzuri wa kitty unapoyeyuka kwa mtu kama mimi. mosh inaisoma skrini yenyewe upande wa seva na kutuma tofauti tu, kwa hiyo picha hazipiti. Haina historia ya mistari iliyopita, kwa hiyo unalazimika kuwa na tmux. Na ukishakuwa na tmux, vichupo na mgawanyo wa kitty vinabaki pambo, maana tmux ina vyake. Ni suti ya harusi ndani ya koti la mvua. Nyaraka za kitty zenyewe zinashauri watu waachane na tmux na wenzake kila inapowezekana, kwa hoja kwamba ni terminali nyingine iliyokaa ndani ya terminali na inazuia mambo mapya kupita. Hoja ni ya kweli kabisa, kwa mwenye fiba nyumbani.

Kwa hiyo mimi nipo na foot. Jirani yangu wa meza, anayechakata picha za satelaiti kwenye kompyuta yake na kwenda kwenye seva kwa nadra, yuko kitty, na sijawahi kumshauri ahame.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hamjaachana na hili: kunakili maandishi kutoka seva hadi laptopu. Ukiwasha kipanya ndani ya tmux, uteuzi wako unabaki kule kule kwenye seva. Kuna njia iitwayo OSC 52 ambayo seva huitumia kuyarusha maandishi hadi kwenye ubao wa kunakilia wa mashine yako. foot, kitty, Alacritty na WezTerm zinaijua, na mosh pia imo tangu toleo la 1.4. GNOME Terminal imekaa miaka mingi bila uwezo huo. Ukikwama, shikilia Shift huku unateua, na terminali yenyewe itachukua uteuzi badala ya tmux.

Konsole na zile zinazokuja na mfumo

Kama unatumia KDE, Konsole tayari unayo na inatosha watu wengi kuliko wanavyokubali. Ina vichupo, inagawa dirisha, na unaweza kuiambia itunze mistari yote iliyopita bila kikomo, ambapo huiandika kwenye diski badala ya kujaza memori. kitty hutunza mistari 2,000 usipoibadilisha, foot 1,000. Anayesoma logi ndefu ataiona tofauti siku ya kwanza.

Konsole na GNOME Terminal pia zinajua kupanga maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto. Wengi wetu hatuhitaji, lakini anayeshughulika na tenzi na barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au aliyeko Maskati na mafaili ya ofisi yenye majina ya Kiarabu, atakuta Alacritty inamgeuzia maneno. (Ukiandika `mkdir ng'ombe` na mfumo ukakukodolea alama ya `>`, hilo halihusu terminali yoyote kati ya hizi. Ni bash inasubiri ufunge ile ritifaa.)

Fedora tangu toleo la 41 imeweka Ptyxis badala ya GNOME Terminal. Ni nzuri, hasa ukitumia kontena. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kwa wa Windows

Bado nawakuta watu wanaodhani kuingia kwenye seva kutoka Windows ni lazima PuTTY. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Simon Tatham aliitoa kwa umma kule Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kizazi kizima cha mafundi wa mitandao kimekulia ndani ya lile dirisha jeusi. Lakini Windows 10 ilishakuja na amri ya `ssh` yake tangu 2018, na Windows Terminal, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2020, ndiyo inayofunguka yenyewe kwenye Windows 11 tangu toleo la 22H2. Kwa kazi ya kawaida ya SSH na kwa WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, sioni sababu ya kubaki PuTTY.

Tofauti moja ni ya usalama. Kwenye zote mbili, kubofya kitufe cha kulia cha kipanya hubandika ulichonakili. Windows Terminal ikiona kuna mistari zaidi ya mmoja, kwa kawaida inasimama kwanza na kukuuliza. PuTTY kama ilivyo haiulizi. Ukiwa umenakili kipande cha maelekezo kutoka kwenye ukurasa fulani, kikiwa na mistari sita na kila mmoja ukiishia na Enter, ukabofya bila kukusudia ukiwa `root`, yaani mwenye mamlaka yote, upande wa pili, usije ukashangaa matokeo.

PuTTY bado ina mahali pake pasipogombewa, nako ni kwenye waya. Fundi anayepanda na laptopu hadi kwenye kabati la mtandao, anachomeka kebo ya konsoli kwenye Cisco na kuhitaji kasi ya 9600, au kwenye MikroTik na kuhitaji 115200, kwa PuTTY anachagua Serial, anaandika COM3 na kasi, kazi imeisha. Windows Terminal peke yake haifanyi hivyo. Kwenye Linux `picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0` inakupa kitu kile kile ndani ya terminali yoyote.

WezTerm inamfaa mtu wa aina moja mahususi: anayehama kati ya Windows, Linux na Mac na hataki kujifunza vitufe vitatu tofauti. Faili moja la Lua linakwenda naye kote, inagawa dirisha bila tmux, na hata kazi ya waya inaiweza kwa `wezterm serial`. Wez Furlong ameiandika kwa uangalifu. Kinachonirudisha nyuma ni kwamba toleo rasmi lilibaki lile la Februari 2024 kwa muda mrefu mno, na waliotaka marekebisho walilazimika kutumia matoleo ya kila usiku. Kwenye mashine ya kazi silali vizuri na matoleo ya kila usiku.

Kwa wa Mac nitapita haraka. iTerm2 ukitumia tmux sana, kwa sababu `tmux -CC` huyageuza madirisha ya seva kuwa vichupo vya kawaida vya Mac. Ghostty, ile ya Mitchell Hashimoto iliyofika 1.0 Desemba 2024, ukitaka kitu chepesi kinachofanana na Mac yenyewe.

Simu: Termux dhidi ya ConnectBot

Hizi mbili hulinganishwa kama ndugu, lakini ConnectBot ni mlango tu. Inafungua SSH, inatunza funguo zako, basi. Termux ni mfumo mzima ndani ya Android: unaandika `pkg install python git openssh mosh` na simu inakuwa mashine ya kazi.

Ipakue F-Droid, duka la programu huria za Android, au GitHub, na ukishachagua chanzo kimoja usichanganye. Nyongeza zake kama Termux:API hukataa kukaa pamoja na Termux iliyotoka chanzo kingine, kwa kuwa sahihi zao hazilingani.

Kibodi ya simu haina Ctrl, na hapa Termux imefikiria. Juu ya kibodi kuna safu ya ESC, CTRL, TAB na mishale. Pia kitufe cha kupunguza sauti kinakuwa Ctrl: kibonyeze pamoja na C, na programu iliyokwama inasimama. Cha kuongeza sauti pamoja na E ni Escape, pamoja na T ni Tab. Vidole vinazoea upesi kuliko unavyodhani, na kutumia vim kwa simu inakuwa kazi ya kawaida.

Adui mkubwa ni Android yenyewe. Kuanzia Android 12 mfumo huhesabu michakato midogo inayozaliwa na programu zilizo nyuma, ikipita 32 unaanza kuiua, na unachokiona ni mstari huu tu:

```
[Process completed (signal 9) - press Enter]
```

Kuwasha wakelock kwenye arifa ya Termux kunaizuia simu isilale, ila hakuondoi kikomo hicho. Kazi nzito iache kwenye seva ndani ya tmux, simu iwe dirisha tu la kuitazamia.

Kama unachohitaji ni kuingia usiku na kuwasha upya huduma iliyoanguka, chukua ConnectBot, ni ndogo na haili nafasi. Kwa mwanafunzi anayejifunza Git na Python huku simu ikiwa ndiyo kompyuta yake pekee, sioni cha kushindana na Termux, na pesa ya kwanza itakayopatikana ningemshauri anunue kibodi ya Bluetooth.